Dawa ya upara, ya kupaka au ya kumeza? Mimi nshachagua

Kinyozi wangu wa Bondeni, hapa Mombasa, ndo alonipasulia, alinigeuzia kioo nijione utosini akaniuliza, "Sheikh, hapa nikate nini?" benchi lote likacheka nami nikacheka nao lakini usiku wallahi sikulala, manake nina miaka 33 na babangu uwaraza ulimwanza akishapita hamsini.

Basi kila mtu akawa daktari. Paka habasoda, paka kitunguu maji, acha kuvaa kofia. Nikajaribu kitunguu miezi miwili, nanuka kama sufuria ya biriani na hakuna kilichoota. Na kofia mwaionea bure, huu upara wa kurithi hauletwi na kofia wala jua la kaskazi wala maji ya bahari, ni homoni yaitwa DHT inayovidhoofisha vishina vya nywele mpaka kila unywele unaoota unatoka mwembamba kuliko uliopita, mwisho hautoki kabisa.

Dawa zenye ushahidi wa kueleweka kwetu wanaume ni mbili hasa, minoxidil ya kupaka na finasteride ya kumeza, na wala hazikuanzia kwenye nywele. Minoxidil ilikuwa vidonge vya presha, wagonjwa wakaanza kuota vinyweleo mwili mzima. Finasteride ilitoka 1992 kwa tezi dume, miligramu 5, ndo Marekani wakairuhusu kwa nywele 1997 kwa miligramu 1.

Mie nilianza na ya kupaka kwa sababu kidonge nilikiogopa. Yataka mara mbili kwa siku na ikae masaa manne bila maji, sasa wewe una wudhu mara tano na kila wudhu wapangusa kichwa, nikapata nafasi baada ya Alfajiri na baada ya Isha tu. Nikifika feri asubuhi jasho na dawa vishachanganyika, kofia imeganda. Wiki za mwanzo nywele zikazidi kupukutika, kumbe ni kawaida, za zamani zapisha mpya, ila muuza dawa hakunambia. Halafu kuna paka wetu, na paka wa Mji wa Kale mwawajua, hulala kwenye mto wangu hata umfukuze vipi, nikaja kujua minoxidil ni sumu kwa paka, hata kidogo cha kulamba chaweza kumuua. Hapo nikachoka.

Na hata uipake vizuri, ile DHT haiigusi. Wamwagilia shamba na mbuzi wamo ndani.

Finasteride ndo yatoa mbuzi, hushusha DHT ya kwenye damu kama thuluthi mbili. Ina yake lakini, wanaume wachache hamu hupungua au mambo ya chumbani hulegea, wengine roho huzama, wengi hurudi sawa wakiacha na wako wanaolalamika kuwa hawakurudi. Kwa hivo usinunue kimyakimya, daktari aliniuliza kama nishawahi kuugua sonona na hilo swali nililipenda. Tena ukizeeka ukipimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, mwambie daktari wayameza, hushusha kile kipimo karibu nusu.

Jamaa akanishauri ninunue ile ya miligramu 5 nikatekate, bei rahisi. Nikakataa, mke wangu ana mimba na dawa zote za nyumbani hupanga yeye, kidonge kilichovunjika hafai kukishika, chaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Kizima chenye ganda hakina neno.

Ya kupandikiza nywele kule Istanbul sijaisahau, ila hata ukipandikiza, zile zako zilizobaki zaendelea kuondoka kama humezi kitu. Na dawa hizi zote mbili ukiacha, faida yaondoka ndani ya mwaka, ndo mana mie siulizi ipi kali, nauliza ipi nitaiweza miaka kumi.

Saa hizi nina miezi saba nameza kidonge, nywele zinazopukutika kwenye mto wa kulalia zimepungua, utosi bado wang'aa. Mwaka ukitimia bila kitu nanyoa zote, hiyo pesa yangojewa na nepi.