Mashine ya CNC Isibaki ya Wenye Mtaji

Rafiki yangu ana karakana ya mbao Kariobangi Light Industries, Nairobi. Majuzi nilimtembelea nikakuta ameweka meza ya chuma inayotosha kulaza bodi nzima ya futi nane kwa nne, na juu yake mota inayojiendea mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Mafundi wanaiita CNC tu, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Kijana anachora kabati kwenye kompyuta, programu inapanga vipande vienee kwenye bodi bila kupoteza nafasi, kisha biti, kile chuma cha kukatia, inazunguka kama mara 18,000 kwa dakika na kufuata mchoro.

Ni teknolojia ya zamani kuliko nilivyodhani. Mashine ya kwanza ya aina hii ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani. Ilisoma maagizo kwenye utepe uliotobolewa matundu. John Parsons, mwenye wazo hilo, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta.

Wengi wanasema mashine hizi zitawamaliza maseremala. Mimi sikubali, na sababu niliiona palepale mezani. Biti ni ya duara, kwa hiyo haiwezi kukata kona ya ndani ikawa mraba. Biti ya milimita 6 huacha kila kona ya ndani imeviringika, na kipande chenye ncha kali hakiingii humo. Mzee mmoja aliyekuwa kando alichukua patasi, akaiweka konani, akagonga mara mbili, kibanzi kikaruka. Kona ikawa safi. Akaenda ya pili.

Mzee huyohuyo ndiye anayeitwa mlio ukibadilika. "Mzee, hebu isikilize," kijana wa kompyuta anamwambia, naye anajua kama biti imekuwa butu au inasukumwa mbio mno. Ndiye anayepima bodi iliyouzwa kuwa ya milimita 18 kabla ya kukata mfereji wa rafu, kwa sababu bodi hizo hupungua au kuzidi kidogo na rafu ikalegea. Ndiye anayeikataa mbao ya saipresi ambayo haijakauka, kwani itapinda tu hata ikatwe kwa usahihi wa namna gani. Ujuzi huo hauko kwenye faili lolote.

Kinachonitia wasiwasi ni umiliki. Fundi wa kando ya Ngong Road au wa Gikomba hawezi kununua mashine hii peke yake. Mwenye mtaji atainunua, achukue oda za majumba mapya yanayoota Kilimani na Ruaka, na fundi abaki kumfungia bawaba kwa malipo ya kutwa. Hapo ndipo kazi itakapopotea, na tutailaumu kompyuta bure.

Nchi hii inajua kuchanga. Matatu zimo kwenye sacco, wakulima wa maziwa wamo kwenye ushirika, walimu wamejenga nyumba kwa mikopo ya sacco zao. Kwa nini mafundi ishirini wa mtaa mmoja wasimiliki mashine moja? Kila mmoja alete mchoro wake, alipie muda wa kukatiwa, akaunganishe kabati kwenye kibanda chake na kumuuzia mteja wake. Hata bodi itabaki nyingi zaidi. Waliokuwa kwenye kazi hii serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018 wanajua jinsi mbao ilivyopanda bei, na kila kipande kinachotupwa ni hela.

Wasianze kwa kununua mashine, waanze na mtu. Kijana aliyemaliza chuo cha ufundi, anayejua kuchora kwa kompyuta, alipwe mshahara wa kila mwezi na akae chini ya fundi mkongwe hadi aijue mbao. Mashine bila mtu wa namna hiyo itakaa imefunikwa turubai.

Na kwenye bajeti ya kwanza wasikate pesa za kifyonza vumbi. CNC inasaga MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ikawa unga laini kuliko ule wa msumeno, na vumbi la mbao limo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani. Pale Kariobangi bomba la kufyonza lilikuwa limefungwa kandokando ya biti, na bado vijana walivaa barakoa. Leso iliyofungwa puani haitoshi.