Pesa: ya Mreno au ya Mhindi?

Orodha za maneno ya Kireno yaliyobaki katika Kiswahili huanza vizuri: meza, bendera, leso, mvinyo, karata, gereza. Hakuna wa kubisha. Kisha, mahali fulani kati ya padri na parafujo, baadhi ya orodha hizo huchomeka neno pesa na kusema limetokana na peso. Wengine wanakataa: pesa, wanasema, ni paisa ya Wahindi, na Mreno hana lake hapo.

Mimi niko na hao wa pili. Hata hivyo hoja ya Kireno si ya kipuuzi, na inafaa ielezwe kwa nguvu zake zote kabla ya kupingwa.

Wareno hawakuwa wapita njia pwani hii. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ngome ya Yesu, ambayo ujenzi wake ulianza 1593, haikuanguka mikononi mwa Waomani hadi Desemba 1698. Miaka mia mbili inatosha kuacha zaidi ya meza na mvinyo. Tena sarafu kubwa ya biashara ya dunia katika karne zile ilikuwa peso, ile sarafu nzito ya fedha ya Kihispania iliyothamanishwa kwa reale nane. (Hapa nasema fedha kwa maana ya madini, na kule mbele itaonekana kwa nini inanilazimu kufafanua.) Ilitoka migodi ya Mexico na Potosí, ikavuka bahari zote, na bandari za Bahari ya Hindi zikaipokea kwa mikono miwili. Peso, pesa: tofauti ni irabu moja ya mwisho. Mtu akilinganisha haraka, kesi imekwisha.

Tatizo linaanza tukiyachunguza yale yale maneno ambayo hakuna anayebishania asili yake. Kireno kinaandika mesa kwa s, lakini Mreno hutamka z, kwa sababu s moja ikikaa kati ya irabu mbili hutamkwa hivyo. Mswahili hakuona maandishi, alisikia sauti, akasema meza. Sasa peso nayo ina s moja kati ya irabu mbili. Kama tungeipata kwa Mreno, leo tungekuwa tunadaiwa pezo. Na ile o ya mwisho? Vinho ikawa mvinyo, lenço ikawa leso, parafuso ikawa parafujo. O zimebaki pale pale. Hakuna sababu yoyote ya peso peke yake kugeuza o yake kuwa a. Mtetezi wa Kireno anaweza kukimbilia kwa Mhispania, ambaye hutamka s yake vizuri tu, lakini Mhispania hakuwa na gati hapa, na ile o bado ingemsumbua.

Jambo jingine, ambalo kwangu lina uzito zaidi: ile sarafu ya Kihispania tayari ilikwisha kutuachia jina lake, na jina hilo si peso. Ni riale, kutoka real ya Kihispania kwa kupitia riyal ya Kiarabu. Mfanyabiashara wa Unguja aliyeshika sarafu kubwa ya fedha, iwe ya Kihispania au ile ya baadaye yenye sura ya Maria Theresa, alisema ameshika riale.

Upande wa Kihindi una kazi rahisi zaidi, ingawa nao una doa. Kutoka paisa hadi pesa ni njia ambayo Kiswahili kimeipita mara nyingi: sauti ai huvunjika na kuwa e. Shaytan ya Kiarabu ni shetani, khayr ni heri, bayt ya mashairi ni beti. Irabu ya mwisho iko mahali pake bila kusukumwa. Doa lenyewe ni kwamba wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliokaa pwani hii walikuwa Wagujarati na Wakachchi, na kwa Kigujarati sarafu moja huitwa paiso, kwa o, si paisa. Lakini zikiwa nyingi huwa paisa, na ni nadra mtu kuzungumzia pesa kwa umoja. Hata sisi hatusemi “pesa moja” isipokuwa tukitaka kuchekesha.

Kuna pia ushahidi wa jirani. Kiarabu hakina sauti p, hivyo Waomani waliposhika sarafu hiyo hiyo waliiita baisa, na mpaka leo riale moja ya Oman ni baisa 1,000. Kisomali nacho hakina p. Waitalia walipoanza mwaka 1909 kutoa sarafu ndogo za koloni lao la Somalia waliziita besa, mia moja kwa rupia. Baisa, besa na pesa ni ndugu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayefanana na peso kuliko anavyofanana na paisa. P yetu inadokeza kwamba neno hatukulipata kinywani mwa Mwarabu. Tulilichukua moja kwa moja kwa mwenye duka.

Na hapa ndipo ninapoona wengi wanakosea njia: wanalinganisha sauti bila kuiuliza sarafu. Neno la fedha husafiri likiwa limegandamana na kitu kinachoshikika. Kabla ya karne ya 19, mtu wa kawaida wa pwani hakuwa na haja kubwa ya jina la sarafu ndogo. Riale ilikuwa kubwa mno kwa kununulia samaki wa kitoweo, na kule bara biashara ilikwenda kwa shanga na nguo. Sarafu ndogo za shaba zilipoanza kuletwa kutoka India, wakati ambapo nyumba ya biashara ya Mhindi Jairam Shivji ndiyo iliyokodi ushuru wa forodha wa Unguja kwa Sultani, ndipo soko lilipopata chenji. Sayyid Barghash alipotoa sarafu zake mwenyewe za shaba mnamo 1882, alifuata mkondo uliokwishachimbwa. Kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa zake mwaka 1888 zikiwa zimeandikwa Mombasa. Kampuni ya Wajerumani ikaanza 1890, na sarafu yao ya shaba, ndani ya koloni la Ujerumani, ikaitwa pesa. Hesabu ilikuwa ya India vilevile: pesa 64 kwa rupia. Watawala watatu, bendera tatu, na sarafu moja ya Kihindi. Peso hazikuwahi kuwa chenji ya sokoni hapa, pesa zilikuwa.

Neno paisa lenyewe wataalamu hulirudisha kwenye Kisanskriti, kwenye pada yenye maana ya robo. Peso ni Kilatini, ni uzito, kitu kilichopimwa kwenye mizani. Moja ni kipande, jingine ni kipimo. Kufanana kwao ni bahati tu, kama watu wawili wanaoshiriki jina bila kushiriki babu.

Suala la asili nikiliacha hapo, linabaki lile ambalo hunivutia zaidi: kwa nini Kiswahili kina pesa na fedha pamoja, na kwa nini hazikai meza moja.

Majina ya fedha duniani hutoka zaidi kwenye makundi mawili. Kundi la kwanza ni la madini. Mfaransa anasema argent kwa fedha ya mfukoni na kwa madini pia. Kiebrania kina kesef, Kithai kina ngoen, na wote wawili hawatofautishi. Birr ya Ethiopia maana yake ni fedha, madini. Rupia inatokana na neno la Kisanskriti la fedha iliyofuliwa. Sisi tuna fedha yetu kutoka fidda ya Kiarabu, na jambo la ajabu ni kwamba Mwarabu wa leo ukimwambia fidda atafikiria pete na mkufu. Kwa fedha za kutumia atasema fulus, ambayo ilipitia Kigiriki kutoka follis, sarafu ya shaba ya Warumi. Kwa maneno mengine, tulichukua kwake neno la madini, yeye akabaki na neno la chenji.

Kundi la pili ndilo hilo, la chenji. Pesa, senti, hela. Waganda wanasema ssente, ingawa pia wanalo neno ensimbi, ambalo ni simbi za kale. Wakikuyu wana mbeca na Wakamba mbesa, zote zikiwa pesa iliyopanda bara. Kongo ilipoanzisha sarafu ya zaire na vipande vyake, makuta, mwaka 1967, makuta ndiyo yaliyoingia vinywani, na zaire yenyewe ilipokufa makuta hayakufa. Jina la sarafu ndogo ndilo linaloshika, maana ndiyo sarafu iliyomo mikononi mwa wengi.

Kutokana na hapo mtu anaweza kujenga nadharia nzuri: fedha ni neno la hazina na matajiri, waliohesabu riale, na pesa ni neno la sokoni, la waliohesabu shaba. Ndiyo maana tuna Wizara ya Fedha, mwaka wa fedha, utakatishaji fedha, Mswada wa Fedha uliowatoa vijana wa Kenya barabarani mwaka 2024. Na ndiyo maana hakuna anayemwuliza kondakta habari ya fedha.

Nadharia hii naipenda, lakini siiamini kikamilifu. Mfaransa anavuruga kila kitu, kwa kuwa argent ni neno la wizarani na la muuza mkate vilevile. Madini peke yake hayamfanyi mtu kuwa rasmi. Nadhani kilichoipandisha fedha ni heshima ya Kiarabu katika Kiswahili cha maandishi, kisha tafsiri za Biblia, kisha walimu na wahariri waliolikuta neno tayari limevaa kanzu. Ukienda Bukavu au Lubumbashi utasikia feza katika mazungumzo ya kila siku bila urasmi wowote. Urasmi haukuwa ndani ya neno. Tuliuweka sisi.

Kuna gharama tunayoilipa. Fedha ina maana mbili, na moja inazidi kusahaulika. Yuda anapewa vipande thelathini vya fedha, na msomaji wa leo huona noti. Petro anamwambia kiwete hana fedha wala dhahabu, na ni lile neno dhahabu tu linalotukumbusha kwamba anaorodhesha madini. Pale Paulo anapomwonya Timotheo juu ya kupenda fedha, Kigiriki chenyewe kinasema kupenda madini hayo, na kwa hapo Kiswahili kiko karibu na asili kuliko Kiingereza, kinachosema money. Kwenye michezo, mtangazaji anasema medali ya fedha na kila mtu anaelewa, kwa kuwa dhahabu imetangulia na shaba inafuata. Wanaotaka fedha ibaki madini na pesa ichukue mambo yote ya matumizi wana hoja ya usahihi. Lakini wamechelewa. Huwezi kuandika upya majina ya wizara na sheria za nchi kadhaa kwa ajili ya pete na medali.

Pesa nayo haijalala. Mwaka 2007 Kenya iliipa herufi moja mbele na kuifanya huduma ya simu, kisha jina likasambaa: Tanzania, Kongo, Msumbiji, Lesotho. Mwaka 2013 M-Pesa ilizinduliwa India, ikafungwa 2019. Neno lilirudi nchini kwake likiwa na nembo ya kampuni ya simu, miaka zaidi ya mia moja baada ya kuondoka likiwa shaba. Sijui kama wateja wa Rajasthan walilisikia kama neno geni au kama paisa iliyokosewa tahajia.

Inabaki hela, ambayo inatendewa vibaya kuliko zote. Wajerumani walipoachana na hesabu ya India mwaka 1904, waliigawa rupia katika heller mia moja. Heller ilipata jina kutoka mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ulikopigwa sarafu hiyo tangu zama za kati. Kisha ikaja vita. Mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ilikuwa ikipiga heller za dharura kwa shaba ya manjano. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920 rupia na heller zilikuwa zimeondolewa, shilingi ikashika. Sarafu ilidumu chini ya miaka ishirini. Jina limepita mia moja. Tanzania tunasema hela kila saa. Burundi wanasema amahera, na huko si lugha ya vijiweni, ni neno la kawaida la nchi nzima ambayo noti zake ni faranga.

Hapa kwetu hela ikionekana kwenye makala hufutwa na kuwekwa fedha. Mhariri anayeifuta kwa sababu ni neno la mazungumzo ana haki yake, maana gazeti lina mtindo wake. Nimewahi kuambiwa pia kwamba ifutwe kwa sababu ni Kijerumani. Anayeshika kigezo hicho itabidi aifute na shule.