Panki Inayojali Huanzia Mlangoni

Mwimbaji wa panki, ule muziki wa roki wa kasi na wa kuasi, akikatisha onyesho na kusema "hauko peke yako", ukumbi mzima hushangilia. Sawa. Lakini kama kijana wa miaka 16 mwenye sonona amezuiwa mlangoni kwa kuwa ukumbi unauza pombe, hayo maneno wameyasikia wasioyahitaji sana. Mimi bendi naipima mlangoni kwanza: kiingilio ni bei gani, nani anaruhusiwa kuingia, na mtu akianguka ndani nani anamwinua.

Washington walilielewa hili mapema. Mwaka 1980 vijana wa bendi ya Teen Idles walisafiri hadi San Francisco kupiga Mabuhay Gardens, na kwa kuwa hawakuwa na umri wa kunywa, ukumbi uliwachora X nyeusi mikononi ili wasiuziwe pombe. Waliporudi nyumbani wakaupendekezea ukumbi wa 9:30 Club mtindo huohuo: mtoto aingie, asinywe. Ni wino tu, lakini ulifungua mlango. Baadaye X ikawa nembo ya wasiokunywa pombe, na wapo walioigeuza fimbo ya kuwachapia wanaokunywa. Hapo wameipoteza maana yake. Mtu anayehangaika kuacha pombe anahitaji mahali pa kusikiliza muziki bila kupita mbele ya kaunta, na mahubiri hayamsaidii.

Bendi ya Fugazi, walioanza kupiga mwaka 1987 mjini humohumo, waliufanya mlango kuwa sera. Kiingilio kilikuwa dola 5 kila ilipowezekana, na kila umri uliruhusiwa. Bei hiyo haikuwa sadaka, ilikuwa hesabu: walijipangia safari wenyewe, hawakuuza fulana, na rekodi zao zilitoka Dischord, kampuni iliyoanzishwa na mwimbaji wao Ian MacKaye pamoja na wenzake. Mtu akianza kuwaumiza wengine mbele ya jukwaa, muziki ulisimama, akasemeshwa kwa adabu. Asiposikia, alitolewa nje akiwa na bahasha yenye dola zake 5. Hiyo bahasha ni ya akili sana. Aliyefukuzwa bila fedha zake ana ugomvi wa kurudi nao. Aliyerudishiwa hana dai. Na ni bendi hiihii iliyopiga mbele ya Ikulu ya Marekani Januari 1991, vita vya Ghuba vikikaribia. Siasa ya nje na adabu ya ndani vilitoka mfuko mmoja.

London ilijua zaidi kupinga kuliko kutunza. Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex, msichana mwenye waya za meno ambaye baba yake alikuwa Msomali, alipanda jukwaa la Victoria Park tarehe 30 Aprili 1978 mbele ya makumi ya maelfu ya watu waliokuja kuupinga ubaguzi wa National Front, chama cha siasa kali za kulia. Mwaka huohuo, katikati ya ratiba ya kuzunguka na bendi, aliona mwanga wa ajabu angani akiwa Doncaster. Akalazwa, akaambiwa ana skizofrenia, na mwaka 1979 akaiacha bendi. Jina sahihi la ugonjwa wake, baipola, yaani hisia kuyumba kati ya msisimko uliopitiliza na huzuni nzito, lilipatikana mwaka 1991. Zaidi ya miaka kumi!

Kwa hiyo kabla ya safari, bendi ipange jambo moja linalosahaulika kuliko nyuzi za akiba: nani ana mamlaka ya kufuta onyesho? Asiwe mgonjwa mwenyewe, kwa sababu akizidiwa atasema yuko sawa, wala asiwe anayesimamia mapato. Na usingizi uhesabiwe kama mafuta ya gari. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi siku chache mfululizo kunaweza kuwasha kipindi cha wazimu wa furaha, na jukwaani hali hiyo hushangiliwa kama kipaji.

Ukumbini kuna masikio pia. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2022 ukomo wa sauti ya kumbini, wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, pamoja na eneo tulivu la kupumzikia. Eneo hilo liwe mbali na spika za besi, lisiwe stoo wala njia ya kwenda chooni, na taa zisiwe za kuwaka na kuzimika; mwenye shambulio la hofu hatulii penye msongamano. Toa vizibo vya masikio vya povu bure mlangoni na uoneshe namna ya kuvivaa: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, ukishikilie nusu dakika kivimbe. Wengi hukiacha nusu nje, halafu hulaumu kizibo.

Maneno ya jukwaani ndiyo huharibika kirahisi zaidi. Usitaje njia ambayo mtu aliitumia kujitoa uhai, usieleze kifo chake kama pumziko, usimwite mtu yeyote apande kutoa ushuhuda ambao hakuupanga. Namba ya simu ya msaada utakayoitangaza ipigie wewe mwenyewe saa tano usiku wiki moja kabla, maana namba isiyopokelewa inamthibitishia mtu kile alichokuwa akikihofia. Wa kujitolea kwenye meza ya msaada kazi yake ni kusikiliza na kumfikisha mtu kwa mshauri. Akianza kutibu, mwondoeni.

Nairobi nako panki haina haja ya kuazima majeraha. Bendi ya Crystal Axis wana wimbo uitwao Nyayo House, jengo ambalo wafungwa wa kisiasa waliteswa humo enzi za Moi, na mateso ya namna hiyo hukaa kichwani muda mrefu baada ya mwili kupona. Lakini kwa anayesimulia maumivu yake jukwaani kuna tahadhari ya kisheria: hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilipokitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Tanzania Kanuni ya Adhabu nayo imelitaja kuwa kosa. Chini ya sheria ya namna hiyo, anayesema jukwaani "nilijaribu" anakiri kosa mbele ya kamera za simu. Kwa hiyo simu ziwekwe mfukoni wakati huo, na anayerekodi video ya bendi afunge lenzi.