Takwimu za Zahanati na Uamuzi wa Wilaya: Zitumike Zilivyo au Zisubiri Kusahihishwa?

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati nyingi za Tanzania, muuguzi hufunga hesabu za vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: huhesabu wagonjwa wa nje, wajawazito waliohudhuria kliniki na watoto waliochanjwa, kisha hujaza jumla kwenye fomu ya ripoti. Fomu hufika wilayani, tarakimu zake huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, na hatimaye huwa grafu mbele ya mganga mkuu wa wilaya na wenzake wanapoandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Linalobishaniwa ni kama taarifa zinazotoka kwenye rejista zenye makosa ziruhusiwe kuongoza mgawo wa dawa, fedha na watumishi, au zisubiri hadi zitakapoaminika.

DHIS2 ni programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya baada ya ubaguzi wa rangi. Kenya iliieneza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na ilipofika 2013 Tanzania nayo ilikuwa imeifikisha katika mikoa yake, ikiiweka juu ya MTUHA ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya karatasi tupu. Kompyuta ilileta kasi na upeo: tarakimu ambayo zamani ingekaa kabatini wilayani sasa huonekana wizarani siku hiyohiyo. Haikubadilisha, hata hivyo, mahali inapozaliwa, yaani mezani kwa mtumishi mmoja mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni.

Wanaotaka taarifa zitumike zilivyo wana hoja nzito. Wanasema takwimu isiyotumika haina wa kuisahihisha, kwa sababu muuguzi anayejua kwamba ripoti yake haisomwi na mtu hana sababu ya kurudia hesabu kuihakiki, ilhali yule anayeulizwa na timu ya wilaya kwa nini idadi ya waliojifungulia kituoni imeshuka ghafla, mwezi unaofuata atahesabu kwa makini. Hupenda pia kutoa mfano wa TEHIP, mradi wa kuboresha mipango ya afya ya wilaya ulioendeshwa Rufiji na Morogoro kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990 na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na Kanada. Huko Morogoro ilionekana kwamba malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini ilitengewa kama asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Timu za wilaya zilipopewa picha hiyo kwa michoro rahisi, zilihamisha fedha zielekee kwenye mzigo wenyewe wa magonjwa, na katika miaka iliyofuata vifo vya watoto vilipungua sana.

Naukubali mfano huo, lakini nadhani mara nyingi hutolewa nusu. Taarifa zilizoiongoza TEHIP hazikutoka kwenye rejista za zahanati. Zilitoka kwa wadadisi waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na alikuwa na dalili gani, kwa sababu watu wengi vijijini hufia nyumbani, na kitabu cha kituo hakiwezi kumhesabu asiyefika. Mafanikio yale yanathibitisha kwamba taarifa nzuri ikitumiwa huokoa maisha. Hayathibitishi kwamba taarifa yoyote itafanya hivyo.

Wenye mashaka huanzia hapo, na sehemu ya hoja yao inayonigusa zaidi inahusu maana ya tarakimu kuliko usahihi wa kuihesabu. Kwa miaka mingi homa ya mtoto iliandikwa kuwa malaria bila kipimo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na vipimo vya haraka vilipoenea hadi zahanati, idadi ya wagonjwa wa malaria kwenye ripoti ilishuka. Sehemu ya mshuko huo ilikuwa ya kweli, kwani vyandarua vyenye dawa vilikuwa vikifanya kazi yake, na sehemu nyingine ilitokana na neno lilelile kuanza kuhesabu kitu kingine. Grafu haikuwa na njia ya kutenganisha hizo mbili. Kanuni za uhakiki ndani ya DHIS2 zinaweza kugundua kwamba watoto waliopata dozi ya tatu ya Penta, chanjo ya watoto wachanga inayokinga magonjwa matano, wamezidi waliopata ya kwanza, au kwamba mwezi mmoja umeruka mbali kupita kawaida. Haziwezi kugundua kwamba homa imepewa jina lisilo lake, kwa kuwa kihesabu hakuna kilichokosewa.

Upande wa dawa madhara huonekana waziwazi zaidi. Mahitaji ya kituo hukadiriwa kutokana na matumizi ya miezi iliyopita. Dawa ikikosekana wiki tatu, matumizi yatasomeka kuwa madogo. Anayesoma hesabu hiyo bila kuangalia siku ambazo rafu ilikuwa tupu ataidhinisha kiasi kidogo, na kituo kitaishiwa mapema zaidi kuliko mara ya kwanza. Ndiyo maana fomu za kuagiza dawa huuliza siku za kuishiwa ili matumizi yarekebishwe. Safuwima hiyo moja ikiachwa bila kujazwa, mfumo utaendelea kuwanyima wagonjwa bila mtu yeyote kudanganya.

Kiwango cha chanjo nacho hutegemea kigawanyo, yaani idadi ya watoto wanaodhaniwa kuwapo wilayani. Kati ya sensa ya 2012, iliyohesabu watu milioni 44.9, na ile ya 2022, iliyohesabu milioni 61.7, wilaya zilitumia makadirio, na pale watu walipohamia kwa wingi kiwango cha chanjo kiliweza kupita asilimia 100.

Fedha zinapofungwa kwenye takwimu, hali huwa nyingine kabisa. Gavi, muungano wa kimataifa unaosaidia nchi kupata chanjo, ulikuwa na utaratibu wa kuzilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyechanjwa, kwa kutegemea ripoti za serikali. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2008 ulilinganisha ripoti hizo na tafiti za kaya, ukakuta kwamba watoto wa ziada walioripotiwa milioni 13.9 walikuwa takriban milioni 7.4. Sioni haja ya kuwaita wote waliojaza fomu hizo waongo. Inatosha kuona kwamba malipo yaliufanya kila kosa la hesabu lielekee juu, na hapakuwa na aliyenufaika kwa kulisahihisha.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaouliza kama taarifa za MTUHA ni nzuri au mbaya kwa jumla. Ripoti ya wagonjwa watano wa kuharisha maji yanayofanana na ya mchele inatosha kumpeleka mtaalamu kijijini leo, hata kama kesho itabainika walikuwa watatu, kwa sababu gharama ya kusubiri kipindupindu ni kubwa kuliko ya safari ya bure. Takwimu hiyohiyo haitoshi kulipia kituo marupurupu au kukinyima mtumishi mwaka mzima bila mtu kwenda kufungua rejista na kulinganisha. Uamuzi unaoweza kurekebishwa wiki ijayo unavumilia mashaka mengi, na ule usiorekebishika unavumilia machache.

Ili hilo liwezekane, mashaka lazima yamfikie anayeamua, na hapa lawama yangu ni kwa wanaosanifu dashibodi, yaani kurasa za kompyuta zinazoonyesha takwimu kwa muhtasari. Katika DHIS2 kipo kipengele cha kuamua kama sifuri ihifadhiwe au isihifadhiwe. Kisipowashwa, kituo kilichoandika kwamba hakuna mama aliyefariki huonekana sawa na kituo ambacho hakikujaza kitu. Mganga mkuu anayetazama ramani ya wilaya ana haki ya kujua, kabla ya kupanga gari la wagonjwa likae wapi, ni vituo vingapi kati ya vile visivyo na kifo vilivyoandika sifuri kwa mkono wa mtu aliyehesabu.