Kompyuta Yenu Imenisamehe

Ndugu zangu, mimi ni mtu mstaarabu. Nimelelewa Chumbageni na bibi aliyekuwa akimkaribisha chai hata mtu aliyekuja kumdai, kwa hiyo si desturi yangu kuipandishia mashine sauti. Lakini asubuhi ya leo nimechapisha orodha ya wadaiwa wa duka la jumla ninalolitunzia kanzidata hapa Ngamiani, Tanga, na mteja anayedaiwa kuliko wote, mtu ambaye tangu aanze kukopa kwetu hajawahi kuleta hata shilingi mbovu, jina lake halimo. Si kwamba lipo chini, wala si kwamba limekosewa herufi. Halimo. Aliyemo, tena kafunga ukurasa kwa heshima zote, ni mama mmoja wa Raskazone anayedaiwa shilingi 0.00.

Mambo ya joto, ya umeme na ya chenji za bodaboda mnayajua wenyewe. Haya ya orodha ndiyo yaliyonifika shingoni.

Orodha hiyo hutoka kwenye mwonekano uliotengenezwa na kijana aliyenitangulia, ambaye sasa yuko Dar na simu yake huita mpaka ikakata. Ukiufungua unaapa kuwa ni jedwali kamili: jina la mteja, jumla ya bidhaa alizochukua, jumla ya malipo, na mwisho safuwima ya deni. Kumbe deni halikuandikwa mahali popote. Mwonekano ni ulizo, yaani swali la kuiuliza kanzidata, lililopewa jina na kuhifadhiwa. Kila unapoulizwa hushuka kwenye majedwali ya chini, hutoa malipo kwenye bidhaa, hukuletea jibu, kisha husahau. Siku nilipomweleza mwenye duka jambo hilo, alivua miwani.

"Bwana mdogo, kwa hiyo huo mwonekano hauhifadhi kitu?"

"Hauhifadhi, Mzee. Unakokotoa upya kila mara."

"Na mimi nalipia umeme ili ukae bila kuhifadhi kitu."

Mzee huyu anayo kaunta buku yake, nene, yenye jalada jekundu lililofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na ndani yake kila mteja ana ukurasa. Haamini kitu kisicho na ukurasa. Jana alitoa amri mbili. Ya kwanza, nimchapishie wanaodaiwa tu, wasiodaiwa wasimchafulie karatasi. Ya pili, aliyemo kwenye orodha asipewe mkopo mpya, na asiyemo apewe. Amri ya kwanza nikaitekeleza kwa sharti ambalo hata mtoto wa darasa la nne angelielewa: deni liwe kubwa kuliko sifuri. Ya pili aliikabidhi kwa binti wa kaunta, ambaye, tofauti na watu wengine wa mji huu, hufuata maelekezo jinsi yalivyotolewa.

Basi saa tatu asubuhi Mzee ameketi na kaunta buku pajani, kidole kwenye ukurasa wa mteja wetu mmoja wa Makorora tunayemwita Mjomba, na mimi nimesimama na karatasi yangu bado ina joto la printa. Kabla sijasema neno, baiskeli ikaegemezwa ukutani, na Mjomba mwenyewe akaingia, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa upande, harufu ya udi imemtangulia hatua mbili. Akatoa salamu, akajibiwa, akauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja wetu bila kuruka mtu, na alipomaliza akasema kwa upole kwamba amesikia kuna orodha, na kwamba yeye kama muungwana angependa kusomewa jina lake hadharani ili alijibie.

Binti wa kaunta akaichukua karatasi akasoma majina yote, moja baada ya jingine, na Mjomba akiitikia kila jina kwa kutikisa kichwa kama anayemsikitikia mwenzake. Alipofika kwa mama wa 0.00 akanyamaza.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, Mjomba. Haumo."

"Alhamdulillahi," akasema Mjomba. "Kompyuta yenu imenisamehe."

Mzee hakumtazama Mjomba. Alinitazama mimi. Akanionyesha ukurasa wa kaunta buku, ambamo kwa mkono wake mwenyewe ameandika unga, mchele, mafuta ya kula, sukari, mpaka jumla ya shilingi 1,840,000, na upande wa malipo ukurasa ni mweupe. Nikamwambia atulie kidogo. Mtu ambaye hayumo miongoni mwa wanaodaiwa, nikasema kwa sauti ya kitaalamu, lazima awe miongoni mwa wasiodaiwa, na huko ndiko tutakakomkuta na kujua kosa limeanzia wapi. Nikaligeuza sharti: deni liwe sifuri au pungufu. Orodha ikaja. Mjomba hayumo. Nikaandika kwa namna nyingine, nikitaka wote ambao si kweli kwamba deni lao limezidi sifuri, nikitumaini kwamba hapo hakuna kiumbe wa kuponyoka. Mjomba hayumo.

"Nifafanulie," akasema Mzee. "Huyu hadaiwi?"

"Hapana, Mzee, si kwamba hadaiwi."

"Anadaiwa?"

"Mashine haijasema kwamba anadaiwa."

"Sasa huyu aliyesimama dukani mwangu ni nani?"

Mjomba alivuta kiti akakaa, kwa kuwa sasa mazungumzo yalikuwa na faida kwake. Mimi nikaliondoa sharti lote, nikauomba mwonekano unipe kila mtu, anayedaiwa na asiyedaiwa, na hapo Mjomba akatokea na jina lake kamili, bidhaa 1,840,000, malipo patupu, deni patupu. Akainama kwenye kioo cha kompyuta akaliona lile pengo, akatabasamu. "Si mnaona wenyewe? Pako wazi."

Ndugu zangu, lile pengo si sifuri, na hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka. Kijana aliyehamia Dar aliunganisha jedwali la wateja na jedwali la malipo kwa muungano wa kushoto, yaani kila mteja aje hata kama hana malipo, na kwa yule ambaye hajawahi kulipa kabisa mashine huweka nali, ambayo maana yake si kwamba amelipa sifuri bali kwamba kiasi hakijulikani. Ukichukua 1,840,000 ukatoa kisichojulikana, unapata kisichojulikana. Ukiuliza kama kisichojulikana kimezidi sifuri, jibu si ndiyo wala si hapana, bali haijulikani, na kulikanusha jibu hilo ni kazi bure kwa sababu kinyume cha haijulikani ni haijulikani vilevile. Kichujio, yaani lile sharti langu, kwa upande wake hupitisha mstari ambao jibu lake ni ndiyo, basi. Ukikamua tui kwa kifumbu, walau machicha unayaona yamebaki ndani, unaweza kuyakamua tena au ukawamwagia kuku. Lakini aliyekataliwa na hiki kichujio changu habaki popote pa kumtazama, na hakuna onyo, hakuna king'ora, hakuna mstari mwekundu wa kukuambia kuwa mtu mzima na kanzu yake amedondoka. Hata jumla ya madeni iliyo chini ya ukurasa haikumhesabu, maana kujumlisha nako huiruka nali kimyakimya.

Kwa hiyo mtu aliyelipa shilingi 500 mwaka jana kisha akapotea amekamatwa vizuri sana, na aliyegoma tangu siku ya kwanza amegeuzwa malaika. Edgar Codd, Mwingereza aliyeandika mwaka 1970 makala iliyozaa kanzidata za aina hii akiwa kampuni ya kompyuta ya IBM, na akapewa tuzo ya Turing, ile ya wataalamu wa kompyuta, mwaka 1981, katika kanuni zake za mwaka 1985 alitaka thamani isiyokuwepo itambulike kuwa kitu tofauti na sifuri. Namheshimu sana. Kinadharia ana haki kabisa, maana kutolipa na kutojulikana kama umelipa ni mambo mawili. Lakini nashuku kwamba bwana huyo hakuwahi kumkopesha mtu unga Makorora.

Dawa yenyewe ni fupi hadi inaudhi. Ndani ya mwonekano, kabla ya kutoa, unaifunika ile safuwima ya malipo kwa COALESCE, unaiambia mashine kwamba ikikuta nali iichukulie kuwa sifuri, na hapo deni linakuwa namba ya kweli inayochujika. Nikaandika, nikahifadhi, nikauliza upya, na Mjomba akapanda moja kwa moja mpaka kileleni mwa orodha. Nikamwita Mzee kwa fahari. Mzee akainama, akasoma, akasoma tena, akafungua kaunta buku, akaniuliza mbona mashine inasema 1,980,000.

Tukageuka wote wawili. Kiti kilikuwa kitupu na ukuta haukuwa na baiskeli.

"Alichukua mfuko wa sukari wa kilo 50," akasema binti wa kaunta, akikata risiti ya mtu mwingine. "Nikauandika 140,000. Si mlisema asiyemo kwenye orodha apewe?"

Nilimkumbusha Mzee, pengine kwa haraka kuliko ilivyofaa, kwamba hii ndiyo faida ya mwonekano usiohifadhi kitu: sukari imetoka mlangoni na deni limeshapanda lenyewe bila mtu kugusa kalamu. Hakuipokea faida hiyo.

Yule mama wa Raskazone naye alikuwa ameshapigiwa simu kudaiwa shilingi 0.00, na maneno aliyoyasema sitayaandika hapa. Amelipa kila kitu, ila kiasi cha pesa kimewekwa kwenye kanzidata kama namba ya desimali inayoelea, ile ambayo ukijumlisha 0.1 na 0.2 hupati 0.3 bali 0.3 yenye kivuli cha 4 huko mbali baada ya sifuri nyingi, na kivuli hicho kinatosha kabisa kuwa kikubwa kuliko sifuri, ijapokuwa ukikichapisha kwa tarakimu mbili hakionekani. Pesa huwekwa kwenye desimali kamili, nimeshasema.

Kuna na ripoti ya bei, ambayo safuwima iliyokokotolewa pamoja na VAT ya asilimia 18 imepewa jina lilelile la bei ya awali. Ukichuja ndani ya ulizo lenyewe, sharti husomwa kabla hesabu haijafanyika, kwa hiyo linaitazama bei ya zamani, na mzigo wa 90,000 ambao kwa kodi ni 106,200 hautokei kwenye orodha ya waliozidi laki. Ukichuja kutoka nje ya mwonekano, unatokea. Jina moja, sharti moja, orodha mbili. Nimelibadilisha jina na nikanyamaza.

Ila la tarehe sijapata pa kulipeleka. Safuwima ya siku ya mauzo nayo hukokotolewa kutoka kwenye saa ya mauzo, na seva tuliyokodi huhesabu saa za Greenwich, ambazo sisi tumezitangulia kwa saa tatu. Kwa siku za kawaida hakuna anayedhurika. Lakini Ramadhani iliyopita duka lilikuwa wazi mpaka daku, na kila kilichouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kiliandikwa kuwa kimeuzwa jana yake. Binti mmoja wa zamu ya usiku aliajiriwa kuanzia tarehe 1, akaingia kazini usiku wa kuamkia siku hiyo, na ripoti ikaonyesha ameuza tende katoni nzima siku moja kabla ya kuajiriwa. Mzee akataka kujua nani alimfungulia mlango. Nikamweleza habari za Greenwich, akauliza iko upande wa Pangani au wa Muheza. Nikamwambia iko Uingereza. Akaniuliza, kwa utaratibu kabisa, Uingereza inahusikaje na tende zake, na ninakiri kwamba sikuwa na jibu la kuridhisha, kwa sababu nami nilikuwa najiuliza hivyohivyo.

Nikajitolea kuigeuza saa iwe ya Afrika Mashariki ndani ya mwonekano kabla ya kukokotoa siku, kazi ya mstari mmoja. Mzee akafikiri, akakataa. Anasema siku haianzi saa sita usiku, hilo ni jambo la kizungu vilevile. Siku huanza jua likizama, na usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa Ijumaa, kila mtoto wa chuoni anajua. Kwa hiyo anataka safuwima ya siku ikate kwenye magharibi, mauzo ya baada ya adhana yaende kesho, na ripoti ichujwe hivyo. Nimemwambia inawezekana, lakini magharibi ya Tanga haikai dakika moja mwaka mzima, itabidi mwonekano uwe na jedwali la kuisoma kila siku. Akasema hilo si tatizo, ratiba imebandikwa msikitini, niende nikainakili.