Huo ukungu ndio utamu wenyewe

Ndugu mwandishi, hapo umeteleza. Unasema albamu ya Exile on Main St. ya bendi ya Rolling Stones iliharibiwa na urekodi mbovu, eti sauti ya mwimbaji Mick Jagger imemezwa na magitaa, ukungu mtupu. Sasa ulitaka nini? Jamaa walikimbia kodi Uingereza mwaka 1971, wakajifungia chini ya jumba alilopanga mpiga gitaa wao Keith Richards kusini mwa Ufaransa, gari la kurekodia limeegeshwa nje. Joto na unyevu mpaka magitaa yakawa yanapoteza tyuni! Kazi ikaja kumaliziwa Los Angeles.

Chukua wimbo "Happy" wa humo. Keith anaimba, prodyuza Jimmy Miller ndiye kakalia ngoma, Bobby Keys na saksafoni yake. Walipiga waliokuwepo, basi. Ndiyo maana inachemka vile.

Na usisahau wamepiga nyimbo za wakongwe wa blues, Slim Harpo na Robert Johnson, bila kuzinyoosha kwa pasi. Mimi huanzia upande wa pili wa santuri ya kwanza, gitaa kavu na kinanda cha mdomo vinapofungua "Sweet Virginia". Isikilize kwenye spika za maana, kaka, siyo za simu, halafu urudi hapa tubishane.