Fundi wa Katwe hakuniuliza ya nini

Wiki hii nimempelekea fundi mmoja hapa Katwe, Kampala, mchoro wa bati la kibodi ya kompyuta ninayojiundia, lile linaloshika swichi zilizo chini ya vitufe: matundu 61 ya mraba, kila moja milimita 14, na nafasi tano pana za stebilaiza, vile vya kuzuia vitufe virefu visiyumbe. Akautazama, akauliza, "Bati unene gani, ssebo?" Nikamwambia milimita moja na nusu, maana vile vimeno vya ubavuni mwa swichi vinashika unene huo. Akaomba swichi moja ya kujaribia. Akatoboa kwa keekee, akanyoosha kona kwa tupa, akaibonyeza. Ka! Imekamata. Tukaanza kuvutana bei.

Pale Dar ningekuwa bado najieleza. Ya nini? Kwani kibodi za Kariakoo zina nini? Itakulipa? Na anayeuliza wala si fundi. Ni mteja aliyeleta geti lake, ni mjomba, ni mpita njia aliyesimama kutafuta kivuli.

Najua mnachotaka kusema. "Kavuka mpaka wa Mutukula juzi tu, keshaanza kutusema." Ngojeni kwanza. Sijasema Kampala ni peponi. Bodaboda za hapa zitakufuata mpaka kibarazani, na "kesho" ya huyo fundi ni ileile mnayoijua. Tena kwa mikono, sijaona wa kumtisha fundi wa mtaa wa Gerezani pale Dar: mpe chuma chakavu akuchongee kipuri, waliotengeneza gari wenyewe watadhani ni chao. Ndiyo maana inaniuma. Mikono tunayo, jamani! Tunachoshindwa ni kumwacha mtu mzima achezee kitu chake kwa hela yake.

"Hiyo anasa, watu wana shida." Sawa. Na yule anayepanda basi kuifuata Yanga mpaka Mwanza, jezi mpya mgongoni, nani amewahi kumuuliza itamlipa nini?

Mimi nashinda nachapa kutwa nzima, kwa hiyo vidole vyangu navionea huruma. Jioni nafungua swichi moja moja, napaka grisi kwa brashi nyembamba kwenye reli za ndani na kwenye springi, ile kelele ya kukwaruza inakufa. Zile swichi zenye kigongo, yaani unasikia kidole kikiruka kitu unapobonyeza, miguu ya kishina, kile kipande kinachoshuka na kitufe, usiiguse, ukiipaka tu kigongo kinapotea na hela yako nayo. Halafu tepu ya karatasi nyuma ya bodi ya saketi, sauti inashuka, inakuwa nzito. Kazi ya kupumzisha akili kuliko hii siijui, na sioni kwa nini niiombee ruhusa.

Dada yangu nilimwonesha kwa simu ya video.

"Utaiuza bei gani?"

"Siuzi, dada."

"Sasa?"

Nikamwambia ni ya kwangu, ya kuchapia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huku nakula vizuri.